Benchi la Barazani kwa Ulimi na Tundu: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Useremala Nyumbani

Kitanda cha bibi yangu mzaa mama hakikuwa na msumari hata mmoja. Kilikuwa na matendegu manne yaliyokerezwa, mifumbati miwili, vitakizo viwili, na kamba iliyosukwa juu yake. Siku ya kuhama kilipigwapigwa kwa nyundo ya mti, kikaachana, kikafungwa juu ya mkokoteni, na jioni ileile kikaunganishwa tena na kulaliwa. Sisi wajukuu tulikirukia miaka mingi na hakikuwahi kulegea.

Siku hizi nikikalia benchi jipya linalotikisika huinama nikatazama chini yake. Karibu kila mara nakuta misumari ya inchi tatu iliyopigwa mshazari pembeni mwa mguu. Msumari hushikwa na nyuzi za mbao zinazoubana. Mbao ikikauka na kunywea, nyuzi zile hulegeza mkono, na kila anayeketi huuongezea msumari nafasi ya kucheza. Ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu la mbao ni jambo jingine: kinachozuia mguu usiyumbe ni bega pana, yaani mbao inayobaki kuzunguka shina la ulimi, lililokaa juu ya uso bapa, na gundi ni msaidizi tu.

Nitakueleza namna ya kutengeneza benchi la barazani lenye urefu wa sentimita 118, upana wa 30 na kimo cha 45. Wanakaa watu wazima wawili kwa raha, na mtoto akijisogeza katikati yao anapata nafasi. Nitatumia majina ya kitanda, kwa sababu benchi hili limeungwa vilevile: mguu ni tendegu, mti mrefu wa ubavuni ni mfumbati, mti mfupi wa upande wa kichwani au miguuni ni kitakizo. Kwa mtu anayefanya kazi jioni na Jumamosi, hesabu wiki mbili, ukiacha muda wa kukausha mbao.

Mbao kwanza, na ziwe kavu

Hapa ndipo benchi nyingi huharibika kabla msumeno haujaguswa. Benchi langu la kwanza nililitengeneza kwa mbao zilizopasuliwa wiki ileile. Viungo vilikuwa vizuri, nilivipima mara mbili mbili. Baada ya miezi mitatu ndimi zilikuwa zimenywea hadi unaweza kupitisha karatasi pembeni yake, na ubao mmoja wa kukalia ulikuwa umejikunja kama kigae.

Sababu yake ni hii. Mti uliokatwa karibuni una maji ndani ya vyumba vyake vidogo (seli) na maji mengine ndani ya kuta za vyumba hivyo. Yale ya ndani yakitoka, mbao inakuwa nyepesi tu. Inapofika unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta zenyewe huanza kukauka, na hapo ndipo mbao inaponywea. Hunywea kwa upana na kwa unene. Kwa urefu ni kidogo sana kiasi kwamba seremala haihesabu. Tena ule upana unaofuata duara la pete za mti hunywea karibu mara mbili ya upana unaotoka kwenye kiini kwenda ganda. Tofauti hiyo ndiyo inayokunja ubao.

Basi nunua mbao mapema, uzipange chini ya paa mahali penye upepo na pasipo na jua la moja kwa moja. Chini weka matofali, juu yake mbao, na kati ya kila safu vijiti vya unene wa inchi moja vilivyopangwa kwa mstari wima, kimoja juu ya kingine, kila baada ya futi mbili hivi. Paka rangi ya mafuta kwenye ncha za mbao ili zisikauke haraka kuliko katikati na kupasuka. Usitegemee kalenda kujua kama zimekauka. Kata kipande cha sentimita 30 kutoka ndani ya ubao, siyo nchani, ukipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito wake ubavuni kwa penseli, kisha ukirudishe kwenye rundo. Kipime kila Jumamosi. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu, mbao yako imefikia hewa ya hapo ulipo.

Nasema hewa ya hapo ulipo kwa makusudi. Mbao iliyotulia Tanga au Mombasa bado ina unyevu zaidi kuliko iliyotulia Dodoma au Nairobi. Benchi utakalompelekea mtu wa bara lijengwe kwa mbao zilizokaa ndani ya nyumba wiki kadhaa zaidi.

Mbao ipi? Kwa anayeanza nashauri paina iliyokauka vizuri, ile inayotoka kwa wingi Sao Hill, Mufindi. Ni laini, inarandika kwa urahisi, na kosa halikugharimu sana. Kenya saiprasi hufanya kazi hiyohiyo. Ukishapata mkono, panda kwenye msaji, ambao sisi wa Tanga tunauona ukitoka Longuza kule Muheza: haunywei sana, mchwa hawaupendi, na unavumilia mvua ya barazani. Lakini una mafuta yanayozuia gundi kushika na una chembe ngumu zinazofanya patasi iwe butu mapema. Mninga ni mbao nzuri mno, ila kwa bei yake usijifunzie. Mkaratusi mbichi uepuke kwa samani, maana hujisokota na kupasuka.

Kama paina yako ina rangi ya kijani, imetiwa dawa ya kuzuia wadudu. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Kwa paa inafaa. Kwa kitu cha kukaliwa na watoto mimi siitumii. Na mabaki yake yasiingie jikoni kabisa, maana moshi wake ni sumu.

Ukiwa dukani, inua kila ubao usawa wa jicho utazame kingo zake kutoka ncha moja hadi nyingine, kama anayelenga shabaha. Uliopinda kidogo kama upinde unaweza kurekebishwa kwa randa. Uliojisokota, pembe moja ikiwa juu na nyingine chini, uache. Angalia pia macho: jicho dogo lililoshikamana si neno, ila lisiwe mahali patakapokuwa na ulimi au tundu.

Utahitaji:

- ubao wa inchi mbili kwa tatu, futi 12, mmoja
- ubao wa mbili kwa tatu, futi 8, mmoja
- ubao wa moja kwa nne, futi 12, mmoja
- skrubu 13 za milimita 50, gundi nyeupe ya mbao, msasa namba 80, 120 na 180, vanishi ya nje

Vifaa, na kwa nini kinoo ndicho cha kwanza

Msumeno wa mkono, randa, patasi ya nusu inchi na nyingine ya inchi moja, nyundo ya mti, keekee au drili, guni (kipimo cha pembe mraba), futikamba, penseli ngumu, kisu chenye ncha, na jiriwa mbili za kubania mbao. Jiriwa ukikosa, nitakuonyesha njia ya kamba.

Mahati, kifaa cha kuchora mistari sambamba na ukingo, utajitengenezea. Chukua kipande cha mbao ngumu cha ukubwa wa kiganja, kilichonyooka upande mmoja. Penyeza skrubu ya kichwa bapa kwenye uso wake hadi ibaki nje kwa kiasi unachotaka, tuseme milimita 16. Ukikisugua kile kipande kwenye ukingo wa ubao, mzingo wa kichwa cha skrubu unachora mstari mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo. Ukitaka umbali mwingine, izungushe skrubu. Mahati ya dukani ni nzuri, lakini hii imenifanyia kazi miaka.

Guni nayo ipime kabla ya kuiamini. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilala mmoja juu ya mwenzake, guni ni nzima. Ikipanuka kama mkasi, guni imepinda, na kila pembe ya benchi lako itapinda hivyohivyo.

Sasa kunoa. Watu wengi huilaumu mikono yao kwa kazi ambayo imeharibiwa na patasi butu. Patasi mpya ya dukani haijanolewa. Imekwaruzwa tu kiwandani. Kama huna kinoo kizuri, tafuta kipande kinene cha kioo au kigae cha sakafu kilicho bapa kabisa, ubandike juu yake msasa wa maji: namba 400, kisha 800, kisha 1500. Anza na mgongo wa patasi. Ulaze bapa kabisa juu ya msasa na usugue sentimita tatu za mwisho hadi zing'ae sawasawa hadi kwenye ncha. Kazi hii unaifanya mara moja tu katika maisha ya patasi hiyo, kwa hiyo usiikimbize.

Kisha geuza upande ulioinama. Mwinamo wa kiwandani huwa karibu digrii 25. Uweke juu ya msasa hadi uhisi umekaa wote, inua mkono kidogo sana, kama digrii 5 zaidi, na vuta kuelekea kwako mara kumi, kumi na tano. Pitisha kidole taratibu mgongoni ukielekea nje ya ncha: ukihisi kijinyuzi cha chuma kimejikunja upande ule, umefika kwenye makali. Hamia msasa laini zaidi, fanya hivyohivyo, kisha laza mgongo mara mbili tatu kuondoa kile kijinyuzi. Malizia kwa kuvuta patasi juu ya mkanda wa ngozi. Jaribu makali kwenye ncha ya kipande cha paina, ukikata nyuzi kwa mkingamo. Kama inatoa kipande chembamba na kuacha uso unaong'aa, endelea na kazi. Kama inabomoa nyuzi na kuacha uso wa unga, rudi kwenye msasa. Ulimi wa randa, yaani chuma chake cha kukatia, unanolewa vilevile.

Kukata na kuranda

Kutoka ubao wa futi 12 wa mbili kwa tatu kata mifumbati 2 ya sentimita 97 na vitakizo 4 vya sentimita 25. Kutoka ule wa futi 8 kata matendegu 4 ya sentimita 46 na mtambaa mmoja wa katikati, mti wa kubeba ubao wa kukalia, wa sentimita 23. Ubao wa moja kwa nne utoe vipande 3 vya kukalia, kila kimoja sentimita 118. Ncha zilizopasuka zitupe kabla hujaanza kupima. Vipande vinavyobaki vitunze: utajifunzia kiungo kimoja kabla ya kugusa mbao zenyewe.

Randa kila kipande. Anza na uso mmoja hadi unyooke na usiwe na msokoto. Uhakikishe kwa kuweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila ncha, na kutazama kama kingo zake za juu zinalingana. Uutie alama ya penseli uso huo. Randa ukingo mmoja hadi uwe pembe mraba na uso ule, nao utie alama. Kuanzia sasa guni na mahati vitaegemea nyuso hizi mbili tu. Ukiegemeza mara huku mara kule, makosa madogo hujumlishana.

Randa ikikwaruza na kung'oa nyuzi badala ya kutoa maranda marefu, geuza ubao: unaenda kinyume na nyuzi.

Nimehesabu kwamba baada ya kuranda mbili kwa tatu itabaki milimita 45 kwa 70. Ya sokoni mara nyingi haitimii hata kabla ya randa. Kama yako ni 42 kwa 67, si tatizo. Cha muhimu vipande vyote kumi na kimoja vilingane.

Kupiga mistari

Simamisha matendegu manne pamoja kama yatakavyokaa. Uso mpana, ule wa milimita 70, utazame mbele na nyuma ya benchi; mwembamba, wa milimita 45, utazame kulia na kushoto. Andika juu ya kila moja: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Utashukuru baadaye.

Yalaze yote sambamba, yabane pamoja, na upitishe mistari kwa guni kwenye yote kwa mpigo mmoja. Kuanzia chini: mstari kwenye sentimita 12.5 na 18.5, hapo ndipo tundu la kitakizo cha chini. Kisha 36.5 na 41, tundu za juu. Kisha 43, ambapo ndio mwisho wa tendegu. Zile sentimita 3 zinazobaki juu ni za ziada. Ziache. Unapochimba tundu karibu na ncha ya mti, ncha hupasuka. Nyama hii ya ziada huishikilia, na tutaikata kazi ikishaungwa.

Upana wa tundu unaamuliwa na patasi yako. Kanuni ya zamani ni ulimi uwe thuluthi ya unene wa mbao, na kwa milimita 45 hiyo ni 15. Patasi ya nusu inchi inatoa karibu 13, inatosha. Weka mahati milimita 16.

Tundu la mfumbati liko kwenye uso mwembamba unaotazama ndani ya benchi, katikati yake: milimita 16 kila upande. Tundu za vitakizo ziko kwenye uso mpana unaotazama ndani, lakini haziko katikati. Pima milimita 16 kutoka ukingo wa nje, yaani upande wa ncha ya benchi. Hili usilipuuze. Ulimi wa mfumbati utaingia sentimita 3.5 ndani ya tendegu, na kama tundu la kitakizo lingekuwa katikati, matundu hayo mawili yangekutana na kuulana ndani ya mti. Kwa kulisogeza nje, yanapishana na kuacha ukuta mwembamba kati yake.

Kuchimba tundu

Matundu yote ni 12. La kwanza litakuchukua nusu saa na la mwisho dakika kumi.

Bana tendegu mezani. Funga utepe kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina: milimita 32 kwa vitakizo, 37 kwa mifumbati. Hiyo ni milimita mbili zaidi ya urefu wa ulimi, ili gundi iliyosukumwa mbele ipate pa kukaa. Toboa mashimo yanayofuatana ndani ya mistari, ukitumia ncha ya milimita 12. Simama mahali ambapo unaona kama keekee iko wima. Msaidizi akiwepo, akutazamie upande wa pili.

Kisha patasi. Safisha kwanza kuta ndefu kwa patasi ya inchi moja, mgongo bapa ukielekea ukutani, ukikata kidogo kidogo kwa mikono miwili bila nyundo. Ncha mbili fupi zikate kwa patasi ya nusu inchi na nyundo ya mti, ukianza milimita moja ndani ya mstari na kumalizia kwenye mstari wenyewe mwishoni. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali wakati wote. Anayeshika mbao kwa mkono wa kushoto na kusukuma patasi kuuelekea atajikata. Ni suala la siku tu.

Kuta zikiwa zimenyooka hadi chini, basi. Sakafu ya tundu haionekani na haibebi kitu, usipoteze muda kuilainisha.

Kukata ulimi

Ndimi za vitakizo zina urefu wa sentimita 3, za mifumbati 3.5. Kwa guni na kisu, siyo penseli, zungushia mstari wa mabega pande zote nne. Kitakizo kibaki sentimita 19 kati ya bega na bega. Mfumbati sentimita 90. Kisu kina faida mbili: mstari wake ni mwembamba kuliko wa penseli, na unakata nyuzi za juu ili msumeno usizinyofoe. Bega ndilo litakaloonekana maisha yote ya benchi.

Kwa mahati ileile ya milimita 16 chora mashavu ya ulimi, yaani pande zake mbili pana, kutoka uso wenye alama. Uso huo ndio utakaotazama nje. Punguza pia urefu wa kwenda juu: vitakizo viwili vya juu na mifumbati, toa sentimita 2 upande wa juu na nusu sentimita chini, ulimi ubaki sentimita 4.5. Vitakizo vya chini toa nusu sentimita kila upande, ubaki 6.

Simamisha kipande kwenye jiriwa, kimeinama kidogo upande wa mbali nawe, na upasue shavu kwa msumeno ukiwa kwenye upande wa kutupwa wa mstari. Mstari wenyewe ubaki kwenye ulimi. Kata pembe moja hadi chini, geuza, kata pembe ya pili, kisha simamisha wima na umalize katikati. Mabega yakatwe mwisho.

Jaribu kila ulimi kwenye tundu lake mahususi na uvipe namba ileile. Mkazo sahihi ni huu: ulimi uingie nusu kwa nguvu ya mikono, na umalizike kwa kugongwa mara chache kwa nyundo ya mti. Ukikataa, tafuta mahali panapong'aa kwenye shavu baada ya kuuchomoa; hapo ndipo unapobana, na hapo tu ndipo pa kupunguza kwa patasi. Ukiulazimisha utapasua tendegu. Ukiingia ovyo kama mguu kwenye kiatu cha baba, gundisha randa moja refu, lile lililotoka kwenye randa, juu ya shavu, ulisubiri likauke kisha ulipunguze.

Kabla ya gundi, chonga nafasi ya mtambaa wa katikati. Kwenye ukingo wa juu wa kila mfumbati, katikati ya urefu wake, upande wa ndani, chora kijumba cha upana wa milimita 45, kina cha 35 kwenda chini, na 20 kuingia ndani ya unene. Kitoe kwa msumeno na patasi. Ncha za mtambaa nazo zipunguzwe nusu ya chini kwa urefu wa sentimita 2, ili zikalie humo na juu yake iwe sawa na mfumbati. Bila mti huu ubao wa katikati wa kukalia ungening'inia karibu mita moja bila nguzo.

Kuunga

Unganisha benchi lote bila gundi kwanza. Kila kitu kikae, kila bega lifunge. Ndipo ulifungue tena.

Anza na ncha mbili: matendegu mawili na vitakizo vyake viwili, leo. Paka gundi kwenye kuta za tundu kwa kijiti, na tabaka jembamba kwenye mashavu ya ulimi. Kama mbao ni msaji, pangusa ulimi kwa kitambaa chenye spiriti dakika chache kabla, kuondoa mafuta. Bana kwa jiriwa ukiweka vipande vya mbao katikati ili chuma kisiumize. Asiye na jiriwa azungushie kamba imara mara mbili, apenyeze kijiti katikati ya kamba hizo na kukizungusha hadi zikaze, kisha akizuie kisirudi nyuma.

Pima kutoka pembe hadi pembe ya kinyume, mara mbili. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba. Vikitofautiana zaidi ya milimita 2, sogeza jiriwa ili ibane kwa mshazari upande wa kipimo kirefu. Gundi iliyotoka nje usiipanguse kwa kitambaa cha maji, inaingia kwenye nyuzi na kuacha doa chini ya vanishi. Ngoja iwe kama mpira, nusu saa hivi, uibandue kwa patasi.

Kesho yake unga ncha hizo mbili kwa mifumbati, upime pembe tena, ukiwa umelisimamisha benchi juu ya sakafu unayojua ni sawa. Dondosha mtambaa kwenye nafasi yake na gundi. Liache saa 24 bila mtu kulikalia, hata kwa kujaribu tu.

Sasa kata zile sentimita 3 za juu ya matendegu na upitishe randa hadi zilingane na mifumbati.

Kukalia, msasa na vanishi

Mbao tatu za kukalia zinafungwa kutoka chini. Toboa kutoka chini ya mifumbati na vitakizo vya juu shimo pana la milimita 10, kina sentimita 3.5, kisha endelea kwa tundu dogo la milimita 5. Skrubu ya milimita 50 itapita humo na kuingia milimita 15 tu kwenye ubao, ambao baada ya kuranda una 22 hivi. Ubao wa katikati ufungwe kwa skrubu mbili kila kitakizo na moja ya mtambaa. Mbao za pembeni kwa skrubu nne nne kupitia mifumbati. Acha milimita 8 kati ya ubao na ubao. Ni njia ya maji ya mvua kupita, na ni nafasi ya mbao kupanuka wakati wa masika. Kila ncha itokeze sentimita 7 nje ya matendegu.

Punguza makali ya kingo zote kwa randa mara mbili tatu, hasa zile zinazogusa nyuma ya magoti. Msasa namba 80, 120, 180, siku zote kufuata nyuzi. Vaa barakoa; vumbi la mvule hasa hukereketa mapafu na ngozi, na hakuna vumbi la mbao lililo jema kifuani. Baada ya namba 120 pangusa benchi lote kwa kitambaa chenye unyevu. Nyuzi zitasimama, zikikauka, namba 180 itazikata, na hazitasimama tena chini ya vanishi.

Vanishi ya kwanza ichanganye na thina kidogo ili inyweke. Ya pili na ya tatu pakaa nzito kidogo, ukipitisha msasa laini kati yake. Usisahau chini ya matendegu: ncha ya mti hunywa maji kama sifongo, na benchi la barazani huanza kuoza hapo. Ukipenda mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa ulivyotumia vitandaze nje, kimoja kimoja, hadi vikauke. Vikirundikwa hupata moto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti.

Lisimamishe mahali pake. Likitikisika kwa sababu tendegu moja ni refu, weka karatasi chini ya lile lililo juu hadi benchi litulie. Chukua kipande cha mbao chembamba, weka penseli juu yake, ukizungushe kila tendegu kikiwa sakafuni, ukate kufuata mstari huo, na upake vanishi upya kwenye ncha. Baada ya masika ya kwanza lipindue, ukaze skrubu robo mzunguko, na uangalie mabega kwa kucha.